Boliti ya Tatu

Abdulkarimu Kaimu alihesabu mizunguko ya waya kwa Kimwera. Kiswahili, alisema, ni lugha ya kusalimiana; ukihesabia Kiswahili, mtu akipita njiani akakuuliza habari za asubuhi, hesabu yote inamwagika. Kwa hiyo alipokaa mbele ya kibanda chake nyuma ya soko la Nachingwea, akisuka mota ya pampu au ya mashine ya kusaga, midomo yake ilicheza bila sauti, na waliomjua walimpita kimya kama wanavyompita mtu aliye kwenye sala. Miaka thelathini na minne alifanya kazi hiyo. Mota iliyoungua ikitoka mikononi mwake, mwenye mota hakuijaribu pale kibandani. Aliipakia tu na kwenda zake.

Shakila alikulia chini ya benchi la kibanda hicho. Baba yake, kaka wa Abdulkarimu, alifariki binti akiwa darasa la pili. Mama yake akaolewa tena, safari hii ng'ambo ya Ruvuma, na mume mpya hakutaka mtoto wa mtu. Abdulkarimu akamfuata binti kwa baiskeli, akamleta amekaa nyuma kwenye keria, begi la shule mapajani. Yeye na mkewe Kulthumu hawakujaliwa kuzaa. Tangu siku hiyo Kulthumu alimwita Shakila "mwanangu", naye Shakila akawaita Bamdogo na Mamdogo, majina ambayo kwake yalikuwa na uzito wote wa baba na mama.

Kusuka mota hakumfundisha. Binti akiomba kujaribu, Abdulkarimu alimpa daftari na kumwambia kazi ile inamaliza mgongo na macho, yeye akae upande wa karatasi. Shakila akakaa upande wa karatasi. Akasoma ufundi wa umeme Mbeya mpaka akapata stashahada, akafanya kazi miaka sita Dar es Salaam kwa watu wa umeme wa jua, na alipotimiza miaka thelathini na moja akarudi Nachingwea na kompyuta ya mkononi na wazo moja ambalo lilimkosesha raha.

Wazo lenyewe lilitoka Namilonje, kitongoji kilichokaa juu ya mgongo wa kilima huko Likunja, wilaya ya Ruangwa. Nguzo za umeme zilikuwa zimeishia bondeni. Miaka mitano nyuma shirika fulani lilikuja likasimika mtambo wa upepo kando ya zahanati, mnara mrefu wenye mapanga matatu meupe, watu wakaupa jina la pangaboi. Siku ya uzinduzi kulivuma upepo mkali, pangaboi likazunguka, picha zikapigwa. Kisha upepo ukarudi kuwa ule wa siku zote, na pangaboi likasimama. Upepo wa Namilonje haukatiki, lakini ni mwanana; unakausha mtama, haung'oi bati. Muuguzi wa zahanati, dada mmoja aitwaye Lusiana, aliendelea kuzalisha akina mama kwa tochi ya simu, na chanjo za watoto akazifuata bondeni kila wiki akiwa na kijisanduku cha barafu begani.

Shakila alipopanda mnara ule mara ya kwanza, alishika mhimili wa jenereta kwa mkono akauzungusha. Aliuhisi ukishikwa, ukaachiwa, ukashikwa tena. Akajua ugonjwa. Ndani ya jenereta ile koili zilikuwa zimefungwa kwenye meno ya chuma, na sumaku zikipita mbele ya meno zinayang'ang'ania moja baada ya jingine. Upepo mkali unazibandua. Upepo mwanana unasukuma wee, unachoka, unapita.

Alimweleza Bamdogo wake jioni hiyo wakila ugali kwa kisamvu. Alitaka kutengeneza jenereta isiyo na chuma ndani ya koili. Koili tisa zipangwe kwenye duara, zimiminiwe resini, gundi inayoganda, mpaka ziwe kama sahani moja, na sahani hiyo isimame katikati ya sahani mbili za chuma zilizogandishwa sumaku. Sahani za sumaku zizunguke, ya koili itulie. Hakuna jino, hakuna kung'ang'ania. Abdulkarimu alitafuna taratibu, akauliza waya wa unene gani, akauliza nani atasuka, na jibu la swali la pili alilijua.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya furaha, na Shakila aliikumbuka baadaye kwa maumivu kwa sababu hiyohiyo. Walibishana kila siku. Yeye alitaka waya mwembamba wenye mizunguko mingi, ili umeme upande hata mapanga yakizunguka polepole. Bamdogo alikataa. Alisema waya mwembamba utaula umeme wenyewe njiani na kuugeuza joto, na hajapata kuona joto likiwasha taa. Shakila akarudi kwenye kompyuta, akapiga hesabu mpaka adhuhuri, akakuta mzee amesema kweli na kwamba alichokijua kwa ncha za vidole kilimchukua yeye kurasa tatu. Wakakubaliana waya mnene. Mzee akachonga kalibu ya mpingo, akawa anabana kila koili ilale bapa kama chapati.

Jaribio la kwanza lilikuwa mwezi wa nne. Waliipandisha jenereta mnarani kwa kamba, na kabla hawajashuka mapanga yalikuwa yameanza kuzunguka kwa upepo ambao hata kanga ya Lusiana kwenye kamba haikuusikia vizuri. Watu wakapiga makofi. Lakini Shakila alipoangalia mita, uso ukamshuka. Umeme ulikuwa kidogo. Betri hazikuchaji mpaka upepo uzidi. Lile pengo kati ya sumaku na sumaku lilikuwa pana mno. Sahani ya koili ilikuwa na unene wa milimita kumi na tano. Ikipunguzwa hadi kumi na moja, sumaku zikasogea mpaka zibaki milimita moja tu kila upande, basi upepo uleule ungejaza betri zilezile.

Abdulkarimu hakupinga. Alisema tu kwamba sumaku zile, kila moja saizi ya kiberiti, tayari zilikuwa zinamwogopesha. Sahani moja ilikuwa na sumaku kumi na mbili. Zikiachwa zikutane na kumi na mbili za upande wa pili, zinavutana kwa uzito wa magunia ya korosho, tena ghafla, na kadiri zinavyokaribiana ndivyo zinavyozidi wazimu. Ndiyo maana sahani ya juu haikuwekwa kwa mikono. Ilikaa juu ya boliti tatu ndefu, na boliti hizo zililegezwa kidogokidogo kwa zamu, nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule, mpaka sahani ifike mahali pake.

Mwisho wa mwezi wa tano sahani nyembamba ya koili ilikuwa tayari. Wageni kutoka wilayani walikuwa wametoa taarifa kwamba watafika kibandani Alhamisi saa nne asubuhi kuona kazi. Ikiwa Jumatano, baada ya sala ya alasiri, Abdulkarimu na Shakila walianza kuzifunga sahani pamoja. Walikuwa wawili tu. Jirani yao Mustafa, mchomeleaji, alikuwa upande wa pili wa ukuta wa bati akikata nondo.

Walipofika nusu ya njia, Abdulkarimu alisimamisha spana.

"Boliti ya tatu imekula nyuzi, haishiki tena," alisema. "Tuizuie sahani ilipo. Kesho Mustafa atatoboa tundu upya."

"Wageni wanakuja kesho, Bamdogo."

"Watakuta kazi inaendelea. Kuna ubaya gani?"

Shakila alikuwa amevaa saa ya marehemu baba yake, akaitazama. Alikuwa amekaa miezi minne akisubiri watu wale waone jenereta nzima, siyo vipande juu ya meza. Alisema waweke kipande cha mpingo mahali pa boliti ya tatu, washushe kwa mbili zilizobaki, mti wakiuvuta kidogokidogo. Alisema atalegeza taratibu. Alisema amepiga hesabu.

Kweli hesabu alikuwa amepiga, lakini ya umeme. Ya mti hakuipiga.

Abdulkarimu aliitazama sahani, akamtazama binti. "Wewe ndiye injinia," alisema. Hakusema kwa kejeli. Alichukua kipande cha mpingo akakiweka.

Mti haukuvunjika. Uliteleza. Mara ya nne walipolegeza, sahani ikainamia upande usio na boliti, mti ukachomoka ukaruka mpaka mlangoni, na Abdulkarimu, ambaye kwa miaka thelathini na minne mkono wake ulikuwa unawahi kabla ya akili yake, akautia mkono wa kulia kuizuia sahani isiangukie koili.

Hakupiga kelele. Shakila alisikia mlio mdogo, mkavu, kisha akamwona mzee amepiga magoti kando ya benchi, mkono mmoja juu kama mtu anayeomba ruhusa ya kusema. Ilichukua dakika saba kuufungua mkono ule. Ukikaza boliti mbili, sahani ilizidi kuinama upande wa vidole. Mustafa aliruka ukuta akaja na nyundo na kabari, akapigilia moja kulia, moja kushoto, huku Shakila akishika spana, na Abdulkarimu muda wote akiwaelekeza kwa sauti ndogo: hapo, bado, huku sasa, taratibu, Mustafa, usipasue koili.

Koili zilikuwa zimeshapasuka. Hospitali walimkata kidole cha shahada na cha kati. Cha pete walikiacha, lakini kilibaki mfu, kimepinda kama ndoano.

Kulthumu alifika wodini na mtandio umemwanguka mabegani. Aliuliza ilikuwaje. Shakila alifungua mdomo, na kabla neno halijatoka Abdulkarimu akasema kutoka kitandani, macho yake yakiwa kwenye dari:

"Papara zangu. Boliti ilikufa, Shakila akanikataza. Akasema tungoje kesho. Sikumsikia."

Hapo ndipo Shakila aliponyamaza. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini. Alijiambia ni mshtuko, ni heshima, mtu mzima akishasema mbele ya watu humpingi. Lakini ndani yake alijua kwamba neno lile lilipotoka kitandani, kitu fulani kifuani mwake kilipumua, na kitu hicho ndicho alichokuja kukichukia.

Waliokuja kumjulia hali mgonjwa kila mmoja alikuja na methali yake kuhusu haraka. Abdulkarimu alizipokea zote, akawashukuru. Kulthumu hakuwa na methali. Alikuwa mwanamke wa kazi, na uchungu wake ulitoka pamoja na kazi. Akimfunga mumewe vifungo vya shati asubuhi, alisema: ungemsikiliza mtoto. Akimchambulia samaki miiba, alisema: mtoto uliyemsomesha mwenyewe, kakwambia ngoja, ukamwona hana akili. Akimmwagia maji ya udhu alisema vilevile. Hakuwa mtu mkatili. Alikuwa anaomboleza mikono ya mumewe, na hakuwa na mahali pengine pa kuupeleka uchungu huo. Abdulkarimu alijibu "ni kweli, mama," kila mara kwa sauti ileile.

Shakila alisikia yote hayo kwa sababu alikuwepo. Koili ilibidi zisukwe upya, na sasa hakuna aliyeweza kuzisuka ila yeye. Mzee alikalishwa kwenye stuli, mkono wa kulia umefungwa bandeji na kulazwa kifuani, wa kushoto umeshika kijiti. Kwa kijiti hicho alimwelekeza: hapa umelegeza, pale umepandisha waya juu ya mwenzake, fumua. Shakila alifumua. Koili nne za kwanza zote zilitupwa. Alihesabu kwa Kiswahili, na mara moja mtu alipopita akasalimu, hesabu ikamwagika kweli, na wote wawili walicheka kidogo, kisha wakaacha kucheka kwa wakati mmoja.

Siku moja Kulthumu alipokwisha kuweka uji na kusema maneno yake na kuondoka, Shakila aliweka waya chini. Alisema hawezi tena. Alisema atamwambia Mamdogo ukweli leo hii.

Abdulkarimu alipiga kijiti kwenye benchi mara moja.

"Liache pale lilipo," alisema. "Suka."

Akasuka. Mwishoni mwa mwezi wa saba koili tisa zilikuwa zimelala bapa ndani ya resini, milimita kumi na moja, sawasawa na mchoro. Boliti za kushushia sahani Shakila alizinunua mpya, akamwita Mustafa na watu wengine wawili, na siku ya kuzifunga Abdulkarimu alikaa nje akiangalia barabara.

Mwezi wa nane waliipandisha jenereta Namilonje. Kusi ilikuwa imeshika, lakini hata kwa kusi upepo wa kule ni wa kunong'ona. Mapanga yalianza kuzunguka upepo ukiwa mita mbili kwa sekunde; ulipofika tatu, sindano ya betri ikasogea. Lusiana alisimama mbele ya jokofu jipya la chanjo akiweka mkono ndani na kuutoa, akiweka na kuutoa. Kabla ya wiki kwisha mtoto wa kwanza alizaliwa chini ya taa, mchana wa mvua ya ghafla iliyokuja nje ya msimu na kufunga giza, na mama yake akampa jina Asmaa kwa sababu Lusiana aliwaambia, kwa kuchanganya majina, kwamba injinia anaitwa hivyo. Shakila aliposikia hakuwasahihisha. Aliona heri sifa ile isibebe jina lake.

Siku ya makabidhiano Abdulkarimu alisema ana homa. Kulthumu alikwenda badala yake, amevaa kitenge kipya, akaketi mstari wa mbele. Wazee walisema, viongozi walisema. Kisha mtu akaomba familia ya fundi nayo iseme neno. Kulthumu alisimama. Hakuzoea kusema mbele za watu na Kiswahili chake kilichanganyika na Kimwera, lakini wote walimwelewa. Alisema anamshukuru Mungu kwa mtoto huyu. Alisema mume wake ni fundi, lakini mtoto huyu ana kichwa na ana subira, na kwamba siku ile mumewe angemsikiliza, leo angekuwa amekaa hapa na mikono yake miwili. Watu waliguna kwa huruma. Wengine walimtazama Shakila kwa namna wanavyotazamwa watu wema.

Shakila alimsubiri nyuma ya zahanati, kwenye matangi ya maji, na alipokuja akamwambia. Alisema kwa ufupi, bila kulia, kwa sababu aliona akilia atakuwa anaomba kitu. Bamdogo ndiye aliyesema tungoje. Mimi ndiye niliyesema twende. Mti ulikuwa wazo langu.

Kulthumu aliegemea tangi. Juu yao mapanga yalizunguka kwa mvumo mdogo wa kupepeta.

"Ulijua kuwa inaweza kumkamata mtu?"

"Nilijua."

"Na yeye alikwambia mngoje."

"Aliniambia, Mamdogo."

Kulthumu alikunja ncha ya kitenge chake, akaikunjua, akaikunja. Kisha akaenda kwenye gari, akaketi mbele karibu na dereva, na mpaka wanafika Nachingwea hakugeuka nyuma.

Asubuhi yake Abdulkarimu alimwita Shakila kibandani. Hakuwa amefungua milango. Walikaa ndani, mwanga ukiingia kwa matundu ya misumari kwenye bati. Shati lake lilikuwa halina vifungo vilivyofungwa; alikuwa amelivaa hivyohivyo.

"Umefanya nini?" aliuliza.

"Nimesema kweli, Bamdogo. Alikuwa anakuumiza kwa kosa langu."

"Nani amekwambia alikuwa ananiumiza?" Aliendelea polepole, kama mtu anayehesabu. "Siwezi kusuka. Jembe halikai mkononi. Kijiko nashika kama mtoto. Kitu kimoja tu kilikuwa kimebaki ninachoweza kukufanyia, nacho ni kunyamaza. Kila asubuhi akisema, nasema moyoni, haya, leo nayo nimefanya kazi. Umeninyang'anya na hiyo."

Shakila aliomba msamaha. Alisema hakujua.

"Msamaha nilikupa siku ileile, hata kabari hazijaingia. Hilo lilikwisha. Lakini sasa mke wangu ana miaka ishirini na tisa hajapata kunishika na uongo, na jana kanishika na wa karibu miezi mitatu. Ameniuliza, mengine ni yapi? Nimjibu nini?" Alijaribu kufunga kifungo kimoja kwa mkono wa kushoto, akaacha. "Na wewe amekusamehe?"

"Hajasema kitu."

"Basi ndivyo ilivyo," alisema Abdulkarimu.

Kabla mwezi haujaisha walihama. Abdulkarimu alikuwa na shamba la mikorosho Marambo, la urithi, ambalo kwa miaka mingi alilitembelea msimu kwa msimu. Sasa alisema atakaa huko. Funguo za kibanda akampa Mustafa atumie nafasi kwa vyuma vyake. Wateja walikuja na mota zao wiki mbili tatu, wakakuta nondo zimeegemezwa pale walipozoea kumwona mzee, wakauliza, wakaambiwa, wakageuka. Vifaa vya kusukia Shakila aliambiwa achukue anavyotaka. Hakuchukua ila kile kijiti, naye hakujua atakifanyia nini.

Kazi yake ilikua. Kijiji kimoja cha Ruponda kilitaka jenereta kama ile, kisha sekondari moja ya huko Ruangwa ikaomba. Aliajiri vijana wawili waliotoka chuo cha ufundi, akawafundisha kusuka, na alikuwa mkali kuliko ilivyohitajika. Vipimo vilikuwa vizuri. Mtu wa Dar es Salaam alimpigia simu akamwambia hajaona jenereta ya kienyeji inayopoteza umeme kidogo namna ile, na akamuuliza nani alimshauri kuhusu unene wa waya. Shakila alimtajia jina, akamtajia na kazi yake, akataja na mahali anapoishi sasa.

Marambo alikwenda mara tatu. Mara ya kwanza Kulthumu aliitikia shikamoo yake, akamtandikia mkeka, akamletea maji, akaenda shambani. Mara ya pili vilevile. Alimwita kwa jina lake, Shakila, kama wanavyomwita watu wa sokoni. Lile neno jingine, mwanangu, halikutoka, na Shakila alipolitegea sikio aligundua kwamba maisha yake yote hajawahi kulisikiliza, kwa sababu lilikuwepo tu, kama maji mtungini.

Mara ya tatu ilikuwa mwezi wa kumi, korosho zimeanza kuanguka. Alifika kabla ya adhuhuri na pikipiki ya kukodi, akiwa na sukari na sabuni kwenye mfuko. Abdulkarimu alikuwa amekaa chini mbele ya lundo la mabibo, mekundu na ya njano, nyuki wakimzunguka. Korosho huning'inia chini ya bibo, na kuitenga lazima uishike uinyonge kwa vidole. Mzee alikuwa amebuni njia yake: anabana bibo chini ya goti, anakata kwa kisu kwa mkono wa kushoto. Ilikuwa njia ya polepole. Maji ya mabibo yalikuwa yamemlowanisha suruali yote.

Shakila alimsalimu, akakunja sketi, akaketi upande wa pili wa lundo, akaanza kunyonga korosho na kuzitupia kwenye ndoo. Mzee alimuuliza kama barabara ya Nachingwea imeshachongwa. Alimjibu kwamba wamefika nusu. Akamuuliza mguu wa Mustafa unaendeleaje, maana alisikia kachomwa na cheche. Akamjibu umepona. Habari za Namilonje hakuuliza, naye Shakila hakuzileta.

Kulthumu alikuja kutoka mikoroshoni na ndoo nyingine imejaa. Aliitikia salamu. Alisimama akiwatazama wanavyofanya kazi, mmoja anakata, mmoja ananyonga, na kwa muda Shakila alidhani atasema kitu. Akamimina mabibo katikati yao, akaitikisa ndoo iishe, akarudi chini ya miti.

Waliendelea mpaka lundo likaisha. Juisi ya mabibo ilimwasha Shakila penye nyufa za vidole, akanawa, akaaga. Abdulkarimu alimpa mkono wa kushoto. Kulthumu, kutoka mbali, aliinua wake akaushusha, na pikipiki ikawaka.